Sauti iliyokauka wiki tatu haitibiwi kwa tangawizi: Lijue koo lako

Na Mwandishi Wetu

SAUTI ya mtu ikikauka, jirani wa kwanza humshauri atafune tangawizi. Wa pili humwambia asukutue kwa maji ya chumvi, na wa tatu humhimiza ameze yai bichi alfajiri kabla ya kula kitu kingine. Mara nyingi sauti hurejea yenyewe baada ya siku chache, na sifa zote huiendea tangawizi.

Tatizo ni kwa wale wachache ambao sauti zao hazirejei. Hao huendelea na tiba za jirani kwa miezi kadhaa, hadi pale pumzi inapoanza kuwa ya shida au chakula kinapogoma kushuka. Kwa baadhi yao, kukauka kule kwa sauti kulikuwa ni dalili ya kwanza ya saratani ya koo, ugonjwa ambao ukigunduliwa mapema wagonjwa wengi hupona, na ukichelewa huondoka na sauti ya mtu au na uhai wake.

Ili mtu aweze kutofautisha mafua ya kawaida na jambo la hatari, hana budi kufahamu kwanza koo lake limejengwaje na linafanya kazi gani. Ni kiungo ambacho tunakitumia kila sekunde, lakini wengi wetu tunakifahamu kwa jina tu.

Njia panda ya hewa na chakula

Ukisimama mbele ya kioo, ukafungua mdomo na kutamka "aaa", utaona sehemu ndogo tu ya koo. Katikati huning'inia kinyama chekundu kinachoitwa kilimi, ambacho wengi hukiita kimeo. Pembeni, kulia na kushoto, kuna tezi mbili zinazojulikana kwa wengi kama tonsili. Nyuma yake ni ukuta wa koo lenyewe.

Koo kwa jumla ni mrija wa misuli wenye urefu wa kiasi cha sentimita 12 hadi 13 kwa mtu mzima, unaoanzia nyuma ya pua, chini ya fuvu, na kushuka hadi sehemu ya chini ya shingo. Sehemu yake ya juu hupitisha hewa itokayo puani. Humo ndimo hufunguka vijia viwili vyembamba vinavyokwenda masikioni, na ndiyo sababu mtu mwenye mafua makali huhisi masikio yameziba, na mtoto mwenye mafua ya mara kwa mara hupata pia maradhi ya masikio.

Sehemu ya kati ni hiyo tunayoiona kwenye kioo, na hapo hewa na chakula hutumia njia moja. Sehemu ya chini ndipo njia hugawanyika. Mbele kuna njia ya hewa iendayo mapafuni, na nyuma yake kuna umio, yaani njia ya chakula iendayo tumboni.

Hapo ndipo ilipo hatari ya maumbile yetu. Pua iko juu ya mdomo, lakini njia ya hewa shingoni iko mbele ya njia ya chakula. Maana yake ni kwamba kila tonge tunalomeza hulazimika kupita juu ya mlango wa hewa kabla ya kufika kwenye umio. Kwa hiyo mlango huo unahitaji mlinzi asiyelala, naye ni zoloto.

Zoloto: Mlinzi kwanza, sauti baadaye

Zoloto, au kisanduku cha sauti kama wengine wanavyokiita, kimejengwa kwa gegedu tisa zilizounganishwa kwa kano na misuli. Gegedu kubwa kuliko zote ndiyo inayotokeza mbele ya shingo ya mwanamume na kuitwa kikoromeo. Juu yake kuna mfupa mdogo wenye umbo la kiatu cha farasi, ambao ni wa pekee mwilini kwa kuwa haukuungana na mfupa mwingine wowote. Umeshikiliwa na misuli na kano tu.

Mlangoni mwa zoloto kuna gegedu laini yenye umbo la jani, iitwayo kidakatonge. Jina hilo la Kiswahili limeeleza kazi yake vizuri kuliko maelezo ya vitabu vingi.

Weka kidole juu ya kikoromeo chako, kisha umeze mate. Utahisi kikipanda na kushuka. Katika muda huo usiozidi sekunde moja mambo mengi hutokea. Kaakaa laini hupanda na kuziba njia ya pua. Zoloto huvutwa juu na mbele, chini ya shina la ulimi. Kidakatonge huinama na kufunika mlango. Nyuzi za sauti zilizo ndani hujifunga. Pumzi husimama kwa kitambo, umio hufunguka, na tonge hushuka.

Mpangilio huo ukivurugika kidogo tu, kwa mfano mtu anapocheka au kuzungumza huku akitafuna, punje ya wali au tone la maji huingia njia ya hewa na mtu hupaliwa. Hapo zoloto hufanya kazi yake ya pili: hujifunga, hewa hukusanyika kwa shinikizo chini yake, kisha hufunguka ghafla na hewa kutoka kwa kasi. Hicho ndicho kikohozi, nacho si adui bali ni kinga.

Zoloto pia hutumika pale ambapo wengi hawatarajii. Mbeba mizigo anapojitwisha gunia, hufunga nyuzi zake za sauti ili kuzuia hewa kifuani na kuufanya mwili wake uwe imara. Mguno unaomtoka ni hewa kidogo inayoponyoka kwenye mlango huo uliofungwa. Mama anayejifungua naye hutumia nguvu hiyo hiyo.

Sauti huzaliwaje?

Nyuzi za sauti kwa kweli si nyuzi kama za gitaa. Ni mikunjo miwili ya misuli iliyofunikwa kwa utando laini wenye unyevu, iliyolala ndani ya zoloto kutoka mbele kwenda nyuma. Mtu anapovuta pumzi, mikunjo hiyo hutengana na kuacha uwazi wenye umbo la pembetatu. Anapotaka kusema, husogeleana na kugusana.

Mapafu hapo hufanya kazi kama mvukuto wa mhunzi. Hewa itokayo mapafuni huisukuma mikunjo iliyofungwa hadi ikaachana, kisha hiyo hurudi na kugongana tena, na mzunguko huo hujirudia kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Kwa mwanamume anayezungumza kawaida, mikunjo hugongana kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde. Kwa mwanamke ni kiasi cha mara 200. Kilio cha mtoto mchanga huweza kufika mara 400 au zaidi.

Hesabu hiyo si ya kupuuzwa. Mwalimu wa kike anapotoa sauti mfululizo kwa dakika moja, mikunjo yake hugongana takriban mara 12,000. Na anapopaza sauti ili asikike nyuma ya darasa lililojaa, hugongana kwa nguvu zaidi.

Hata hivyo, kinachotoka katika zoloto si maneno, bali ni mvumo tu unaofanana na wa nyuki. Koo, mdomo, ulimi, meno, midomo na pua ndivyo huuchonga mvumo huo ukawa irabu na konsonanti.

Msomaji anaweza kujithibitishia kwa jaribio dogo. Weka vidole viwili kooni, kisha utoe sauti ya "sss" kwa muda mrefu. Huhisi kitu. Sasa badili iwe "zzz", na utahisi mtetemo. Ulimi haukuhama, kilichobadilika ni kwamba nyuzi za sauti zimeanza kutetema. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha "faa" na "vaa", au "fua" na "vua". Ndiyo maana mtu anaponong'ona, wakati ambapo nyuzi hazitetemi, maneno hayo hukaribia kufanana.

Kwa nini sauti ya kijana hubadilika?

Kabla ya kubalehe, zoloto la mvulana na la msichana hazitofautiani sana. Homoni za kiume zinapoanza kufanya kazi, zoloto la mvulana hukua haraka, gegedu yake ya mbele hutokeza, na nyuzi zake hurefuka na kunenepa. Kwa mwanamume mtu mzima nyuzi hizo huwa na urefu wa kati ya milimita 17 na 25, na kwa mwanamke kati ya milimita 12 na 18 hivi. Uzi mrefu na mnene hutetema polepole, nao hutoa sauti nzito.

Katika miezi hiyo ya mabadiliko misuli ya kijana huwa haijazoea ukubwa mpya wa chombo chake, ndipo sauti humponyoka ghafla na kupanda katikati ya sentensi. Si ugonjwa wala si jambo la kumchekea. Uzeeni nako gegedu hukakamaa na nyuzi hukonda, hivyo sauti hudhoofika.

Kukata kimeo si tiba ya kikohozi

Katika maeneo mengi ya Tanzania, kama ilivyo katika nchi nyingine kadhaa za Afrika, ingalipo desturi ya kumkata mtoto kimeo pale anapokohoa kwa muda mrefu, anapotapika au anapokataa kula. Mkataji huambiwa kuwa kimeo kimekuwa kirefu na ndicho kinachomwasha mtoto kooni.

Maumbile ya koo hayaungi mkono imani hiyo. Kilimi ni sehemu ya kaakaa laini. Husaidia kuziba njia ya pua wakati wa kumeza na hutoa mate yanayolainisha koo. Kikohozi cha mtoto kwa kawaida hutokana na maradhi ya njia ya hewa, kama vile mafua, nimonia, pumu au kifua kikuu, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloondoka kwa kukata kinyama kilicho mdomoni.

Madhara yake, kwa upande mwingine, yanafahamika vyema hospitalini. Mtoto huweza kuvuja damu nyingi, na kwa kuwa huimeza, mzazi huenda asiione hadi mtoto anapolegea. Kifaa kisicho safi huweza kumwambukiza pepopunda, Virusi vya Ukimwi au vijidudu vinavyoingia kwenye damu. Watoto wamepoteza maisha kwa sababu hiyo. Aidha, siku zinazopotea kwa mkataji ni siku ambazo nimonia huendelea kushamiri, nayo ni miongoni mwa magonjwa yanayoua zaidi watoto wenye umri chini ya miaka mitano.

Mtoto anayekohoa huku akipumua harakaharaka, au ambaye nyama za chini ya mbavu zake huzama kila anapovuta pumzi, anatakiwa kufikishwa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Koo linalouma na moyo unaoumia

Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, hayahitaji antibayotiki, na huisha yenyewe. Lakini yapo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokoka, hasa kwa watoto wa umri wa miaka 5 hadi 15. Dalili zake ni homa ya ghafla, tonsili zilizovimba zenye usaha na uvimbe wa tezi za shingo, mara nyingi bila mafua wala kikohozi.

Maambukizi hayo yasipotibiwa, kinga ya mwili wa baadhi ya watoto hukosea shabaha na kushambulia vali za moyo. Hivyo mtoto aliyeumwa koo leo huweza kuwa mgonjwa wa moyo baada ya miaka. Dawa ya kuzuia hayo ni ya zamani na ya bei nafuu: penisilini, kwa sindano moja au vidonge vya siku 10. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kuacha vidonge siku ya tatu kwa kuwa maumivu yamekwisha.

Ugonjwa mwingine wa koo, dondakoo, hutengeneza utando unaoweza kuziba njia ya hewa. Huo huzuiwa kwa chanjo ya pamoja ambayo watoto hupewa wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14.

Sauti ikikauka, kuna nini?

Sababu ya kawaida ya sauti kukauka ni uvimbe wa nyuzi unaoletwa na mafua au kupiga kelele. Nyuzi zikivimba haziwezi kutetema kwa usawa, na sauti hukwaruza. Hali hiyo huisha ndani ya wiki moja au mbili.

Wanaotumia sauti kama nyenzo ya kazi, wakiwamo walimu, wahubiri, wapiga debe, waimbaji na wachuuzi wa sokoni, huweza kuota vinundu kwenye nyuzi, mfano wa sugu kwenye kiganja cha mkulima. Kwa wengine tindikali ya tumboni hupanda usiku na kuchoma zoloto. Kifua kikuu nacho huweza kufika huko.

Kwa mtoto mdogo, sauti inayokauka taratibu pamoja na pumzi yenye mlio huweza kuwa ni vivimbe vinavyoletwa na virusi, ambavyo wakati mwingine hudhaniwa kuwa ni pumu.

Ipo pia sababu ambayo chanzo chake hakiko kooni kabisa. Mshipa wa fahamu unaoendesha uzi wa kushoto wa sauti hauendi moja kwa moja kwenye zoloto. Hushuka kwanza hadi kifuani, huzunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena shingoni. Kwa hiyo uvimbe katika pafu huweza kuubana mshipa huo na kumfanya mtu apoteze sauti kabla hajaanza kukohoa. Mshipa huo hupita pia karibu na tezi ya shingo, ndiyo maana madaktari huwa waangalifu sana wanapopasua goita.

Na ipo saratani ya zoloto yenyewe. Visababishi vyake vikuu ni tumbaku na pombe, na mtu anayetumia vyote viwili hujiongezea hatari maradufu na zaidi. Inapoanzia kwenye nyuzi za sauti, saratani hii humpa mtu onyo mapema, kwa sababu hata kivimbe kidogo hubadilisha sauti. Ni bahati ambayo saratani nyingi za ndani ya mwili hazina. Lakini onyo humfaa yule tu anayelisikiliza.

Funzo kutoka Berlin

Historia imeacha mfano mzito. Januari mwaka 1887, mrithi wa kiti cha ufalme wa Ujerumani, Friedrich, alianza kukauka sauti. Madaktari wa Kijerumani walihisi ni saratani na Mei mwaka huo wakajiandaa kumpasua. Akaitwa bingwa wa Uingereza, Morell Mackenzie, ambaye alikata kipande kidogo na kukipeleka kwa mwanasayansi mashuhuri Rudolf Virchow. Saratani haikuonekana katika kipande hicho, na upasuaji ukaahirishwa.

Novemba ikadhihirika kuwa ni saratani. Februari 1888 alitobolewa shingo ili aweze kupumua. Alipotawazwa Machi 9, 1888 kama Kaiser Friedrich III, hakuweza kusema. Alitawala kwa kuandika kwenye vikaratasi. Alifariki dunia Juni 15, baada ya siku 99 tu, na mwanawe, Wilhelm II, akashika madaraka. Huyo ndiye Kaiser ambaye watu wa Tanganyika walipigana na majeshi yake katika Vita vya Maji Maji.

Haijulikani iwapo upasuaji wa zama zile ungemwokoa, kwani ulikuwa wa hatari kubwa. Zoloto zima lilikuwa limeondolewa kwa mgonjwa wa saratani kwa mara ya kwanza mwaka 1873 mjini Vienna, na Theodor Billroth. Siku hizi mambo ni tofauti. Saratani iliyo changa hutibiwa kwa mionzi au upasuaji mdogo na sauti ikabaki. Hata aliyeondolewa zoloto lote, akawa anapumua kwa tundu la shingoni, huweza kufundishwa kusema tena kwa kutumia umio, kifaa cha umeme au vali ndogo.

Uchunguzi wenyewe si wa kuogopwa. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Manuel García, alitumia vioo viwili na mwanga wa jua kutazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Leo daktari wa masikio, pua na koo hupitisha puani mrija mwembamba wenye kamera na kuona nyuzi ndani ya dakika chache.

Namna ya kuitunza sauti

Maji, asali, tangawizi na yai bichi havigusi nyuzi za sauti. Vingevigusa, mtu angepaliwa. Maji husaidia kwa njia nyingine: yakinywewa ya kutosha mwili hupata unyevu, na utando wa nyuzi hulainika. Asali hutuliza muwasho wa koo, lakini asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa huweza kuwa na vijidudu vya sumu kali kwake.

Anayezungumza kutwa nzima apumzishe sauti kila apatapo nafasi, atumie kipaza sauti kinapopatikana, na ajizuie kukohoakohoa ili kusafisha koo, kwani kila mkohozo huzigonganisha nyuzi. Kunong'ona si mapumziko kwa watu wengi. Hukaza misuli ya zoloto. Bora kusema taratibu kwa sauti ya chini, au kunyamaza. Sigara na shisha havina kiwango salama kwa koo.

Kwa aliyekwamwa na kitu kooni hata hawezi kukohoa wala kusema, apigwe kwa kiganja mara tano katikati ya mabega, kisha abanwe tumbo kwa nguvu juu ya kitovu mara tano, na hatua hizo zirudiwe hadi kitu kitoke. Mjamzito abanwe kifuani badala ya tumboni. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mgongoni na kisha abonyezwe kifuani, si tumboni. Kidole kisiingizwe kooni kutafuta kitu kisichoonekana.

Na sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki tatu, hasa kwa mvutaji wa sigara au mtu aliyevuka umri wa miaka 40, ni sababu tosha ya kwenda hospitali na kuomba kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Asisubiri wiki hizo tatu yule ambaye pia anapumua kwa shida, anakohoa damu, anashindwa kumeza au ana uvimbe shingoni. Huyo aende leo.